Bibi Aliponyamaza

Theluji iliyoanza kuanguka mjini Setif Alhamisi jioni ilimpa Wahiba kitu alichokuwa akikiomba mwaka mzima, yaani sababu ya kutokwenda popote. Arusi ya binamu wa mumewe kule milimani iliahirishwa kwa kuwa barabara zilikuwa hazipitiki. Wageni wasingekuja. Hata Zahia, wifi yake, asingethubutu kupanda mpaka ghorofa ya nne na viatu vyake vya visigino huku ngazi zimeganda barafu. Ijumaa na Jumamosi zote mbili zilikuwa zao wenyewe, mume na mke, watoto wawili na mama mkwe.

"Leo hata paka hawatoki," alisema Lakhdar, mumewe, Ijumaa asubuhi, akitazama nje dirishani.

"Utatoka wewe," mama yake akamjibu kutoka roshani. "Ijumaa haiahirishwi na theluji. Na uoge kwanza, usiende kunuka mbele ya Mungu."

Bibi Aldjia, huyo mama yake Lakhdar, alikuwa akiishi roshani. Ukisema hivyo mtu anaweza kushtuka, lakini nusu ya jengo lile walikuwa wamezifunga roshani zao kwa alumini na vioo wakajipatia chumba cha bure. Ni Wahiba aliyelipigania jambo hilo. La sivyo Bibi angelala na Anfal, na Anfal, kwa miaka yake kumi na mitatu, hakuwa tayari kushirikiana na mtu hata kitana. Kwa hiyo aliitwa fundi Tahar, akaweka vioo, na juu kabisa akaacha tundu ambamo bomba la moshi wa hita ya gesi ya kuchemshia maji lilipita kutoka jikoni mpaka nje.

Tundu lilikuwa pana kuliko bomba, na upepo wa Setif haukosi pa kupita. Bibi akamlalamikia binti yake kwa simu, na Zahia si mtu wa kumung'unya maneno. Alimpigia Wahiba siku hiyohiyo ya Alhamisi.

"Wifi, mama yangu mmemweka kwenye friji? Kama amewachosha semeni, tujue moja."

Zahia mwenyewe alikuwa na vyumba vitano na hajawahi kumlaza mama yake zaidi ya usiku wa Idi, lakini hayo Wahiba aliyameza. Akatoa kashabia kuukuu ya Lakhdar, lile joho zito la sufu, akalikata mkono mmoja, akapanda juu ya kiti na kuusokomeza pale tunduni kwa ngumi, kwa hasira zote juu ya Zahia, mpaka upepo ukakoma. Bomba lilirudi nyuma likabaki mdomo wake umezibwa na sufu. Hakuliona hilo. Aliteremka akajipongeza, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, Bibi hakusema lolote kuhusu baridi. Na kwa kuwa walikuwa wameshaoga na kuosha vyombo kabla ya hapo, hita haikuwashwa tena hadi asubuhi.

Ijumaa watu huoga. Lakhdar alianza, akatoka bafuni amefunikwa na mvuke, akajipaka manukato, kisha akaingia Akram.

"Maji ya moto, mama, yanachoma!" alipiga kelele yule mtoto wa miaka minane.

"Yanachoma uchafu. Sugua shingo."

Kisha akaingia Bibi, ambaye kuoga kwake kulikuwa safari nzima, na kila mara aliita, mara sabuni, mara taulo, mara mlango unapitisha upepo. Wahiba alikuwa jikoni na mikono yake ndani ya kuskusi, akiifikicha isishikane, na juu ya kichwa chake hita ilikuwa ikivuma bila kupumzika.

"Wahiba!"

"Abee mama."

"Mbona maji yanapoa?"

"Hayapoi mama, moto umewaka huu ninauona."

"Basi ni mimi ninayepoa. Nikifa mnioshe kwa haya maji yenu."

Lakhdar alicheka, akavaa koti na kutoka. Wanaume wote wa jengo walikuwa wakishuka ngazi pamoja, wakishikana mikono wasiteleze, na sauti zao zikapotelea chini.

Bibi alipomaliza, Anfal akaingia na kujifungia kwa komeo, kwa kuwa nywele zake zilihitaji muda na hakutaka kusemeshwa. Akram akaja jikoni amejishika paji la uso.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Katuni hizo. Tangu alfajiri macho kwenye televisheni."

"Si katuni," Bibi akadakia kutoka roshani kwake. "Ni jicho. Huria alimtazama jana ngazini akasema mashallah nusu tu, nusu akaimeza. Mzungushie chumvi."

Wahiba hakuamini sana mambo ya jicho, lakini mtu hakatai kitu kidogo kama chumvi. Alichota kiganja, akakizungusha juu ya kichwa cha mwanawe mara kadhaa, akaimwaga kwenye sinki. Kisha akamlaza kwenye zulia mbele ya televisheni. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kizito, akasema ni mvuke wa chungu na njaa ya asubuhi.

Nyumba ikaanza kutulia. Akram aliacha kuuliza maswali. Bibi aliacha kuita. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika tu, na Anfal, ambaye huimba akioga, hakuwa akiimba. Wahiba alisimama katikati ya jiko, mgongo umelegea, akausikiliza ule ukimya. Hakuna aliyemtaka kitu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho. Theluji ilikuwa dirishani, nyama ilikuwa imeiva, watu wake wote walikuwa ndani na wameshiba joto, na moyo wake ukajaa shukurani hata machozi yakamlenga.

"Alhamdulillah," alisema kwa sauti. "Nyumba imetulia leo."

Akapakua sahani ya kuskusi, akaweka nyama na mbaazi juu, akaifunika, akatoka kumpelekea Huria wa mlango wa pili, kama kila Ijumaa.

Huria alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na salamu tu kwake zilichukua muda wa kuchemsha chai. Siku nyingine Wahiba alikuwa akimkwepa. Leo alisimama naye pale mlangoni, kwenye baridi ya ngazi, akimsikiliza.

"Mbona umepauka hivyo, mama Akram? Au kuna mgeni tumboni?"

"Mgeni gani kwa umri huu! Kichwa tu."

"Kichwa cha mama mkwe hicho. Mimi wa kwangu alipokuwa hai, nilikuwa nameza vidonge kama karanga."

Wahiba alicheka. Hewa ya ngazini ilikuwa kali, ikimwingia puani mpaka utosini, na alipokuwa akicheka aligundua kwamba kichwa hakimuumi tena. Aliaga mara mbili, Huria akamzuia mara mbili, mwishowe akarudi kwake akiwa mwepesi, akiwaza namna Bibi atakavyomsema kwa kuchelewa.

Alifunga mlango. Hatua chache tu ndani, kichwa kikamgonga tena, palepale, kama kilikuwa kinamsubiri.

Akasimama. Bibi hakumsema. Bibi Aldjia, ambaye hawezi kusikia mlango ukifunguliwa bila kuuliza nani, anatoka wapi na mbona hakufuta miguu, hakuuliza. Maji bafuni bado yalikuwa yakimwagika.

"Mama?" aliita.

Kimya.

"Anfal! Funga maji, baba yako atalipia bahari nzima!"

Kimya. Hapo Wahiba akaikumbuka ile familia ya jengo la nyuma, majira ya baridi yaliyopita, waliotolewa wote asubuhi moja wakiwa wamefunikwa mablanketi mpaka usoni, na majirani wakaambiana kwamba walikuwa kama wamelala. Kama wamelala. Akatazama juu ya zulia. Akram alikuwa amelala, mdomo wazi, na mate yakimtoka pembeni.

Alimtikisa. Kichwa cha mtoto kilizunguka hovyo.

"Huriaaa!" Wahiba alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. "Huria, njoo! Watoto wangu!"

Alimburura Akram kwa kwapa mpaka nje ya mlango, akamwachia Huria aliyekuwa anakuja mbio na kijiko mkononi, akarudi ndani. Huria alimvuta gauni.

"Usiingie, mwendawazimu! Ni gesi!"

"Anfal yumo! Na mama!"

Jikoni alizima hita. Roshani, Bibi alikuwa ameketi kwenye godoro lake ameegemea ukuta, taulo kichwani, tasbihi imemtoka mkononi. Wahiba alilivuta dirisha la kioo, lakini reli ilikuwa imeganda barafu na halikusogea. Alivuta tena huku akilia. Ndipo akarudi jikoni, akachukua mchi wa shaba wa kutwangia viungo, akakipiga kioo. Kwa pigo la kwanza kilipasuka, kwa la pili kikaanguka chote barabarani, na upepo ukaingia na theluji yake. Aliinua macho akauona ule mkono wa kashabia pale juu, umesokomezwa vizuri, kazi safi kabisa. Alipanda kitandani kwa Bibi akauvuta kwa mikono miwili, nao ukatoka mweusi kwa moshi.

Mlango wa bafuni ulikuwa na komeo kwa ndani. Ijumaa wakati wa sala hakuna mwanamume hata mmoja kwenye jengo, wote wako msikitini, kwa hiyo waliokuja walikuwa wanawake: Huria, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, na mke wa mwuza viatu akiwa amevaa ndara kwenye theluji. Hakuna aliyeuliza nani aanze. Wahiba alipiga komeo kwa mchi, Huria akautupia mlango bega lake na unene wake wote, akajiumiza, akarudia, na mara ya tatu mlango ukaenda.

Anfal alikuwa chini, shavu lake kwenye vigae, maji ya moto yakimwagikia miguuni.

"Mfunikeni!" alipiga kelele Huria, akavua shela lake mwenyewe. "Mfunikeni mtoto wa watu, halafu mbebeni!"

Bibi hawakuweza kumbeba. Walimlaza juu ya ngozi ya kondoo aliyokuwa akisalia, wakaiburura ukumbini mpaka ngazini, mwalimu akimshikilia kichwa kisigonge kizingiti. Pale juu ya saruji baridi, Akram alitapika, kisha akalia. Anfal alifungua macho akauliza nywele zake ziko wapi. Wahiba aliwashika wote wawili, lakini macho yake yalikuwa kwa Bibi. Bibi alikuwa akipumua kidogo sana, na hakufungua macho.

"Mama," Wahiba alimwambia sikioni. "Mama, nimechelewa. Nimechelewa kwa Huria. Niseme. Nitukane."

Bibi hakusema neno.

Lakhdar alirudi akikimbia, viatu mkononi, kwa sababu mtu alikuwa ameingia msikitini na habari kabla hata ya salamu ya mwisho. Nyuma yake walikuja watu wa zimamoto, gari lao wameliacha chini ya mteremko kwa sababu ya theluji. Kijana wao mmoja, akiwa na kifaa cha kupimia gesi kilicholialia, aliingia ndani akatoka na ule mkono wa kashabia umening'inia kwenye vidole vyake.

"Nani aliziba bomba kwa hiki?"

Wanawake wote walitazamana. Wahiba alifungua mdomo. Alifikiria jina litakalompata mtaani, mkamwana aliyemuua mama mkwe wake kwenye roshani, na ulimi wake ukakataa kusogea.

Lakhdar aliuchukua ule mkono. Kashabia hiyo aliivaa miaka kumi, asingekosa kuijua. Aliukunja taratibu akautia mfukoni mwa koti.

"Labda fundi," alisema. "Fundi aliyeweka vioo."

Hospitalini waliwekewa vinyago vya hewa safi, mmoja karibu na mwingine. Watoto walichangamka haraka, Akram akaanza kutaka kujua kama ataonekana kwenye televisheni. Bibi alibaki vilevile. Daktari, msichana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimwuliza Wahiba walikaa ndani kwa muda gani, na Wahiba akasema hajui. Alijua. Ulikuwa muda ule aliosimama jikoni akishukuru, na muda ule aliocheka na Huria.

"Ni mimi," alimwambia mumewe walipokuwa peke yao ukumbini.

"Najua."

"Kwa nini umesema fundi?"

"Ningesema nini mbele ya watu? Nyamaza kwanza, mama yangu aamke. Asipoamka..." Lakhdar aligeuza uso akaufunika kwa mkono, mabega yakimtetemeka. Wahiba hakuthubutu kumgusa, na hilo la kutothubutu lilimwogopesha kuliko lolote alilowahi kuliona kwa mume wake.

Bibi alifungua macho jua lilipokuwa linazama. Alitazama kinyago, akatazama taa, akamtazama nesi.

"Hapa ni baridi," alisema. "Nani ameacha mlango wazi?"

Wahiba alikaa chini, palepale sakafuni kwenye ukumbi wa hospitali, akalia mpaka mlinzi akamletea maji.

Jumamosi mchana waliruhusiwa, maana Bibi alikuwa amegombana na wauguzi wote na daktari akaona nguvu zimemrudia. "Kichwa kikiuma tu, rudini hata kwa kutambaa," alisema yule msichana. Nyumbani gesi ilikuwa imekatwa. Roshani ilikuwa wazi, Lakhdar ameitundikia nailoni ikipigapiga. Walijikusanya wote sebuleni, dirisha moja limeachwa wazi kwa amri ya Wahiba, makoti mwilini, mablanketi juu, na kuskusi ya jana ikiwa imepashwa kwenye jiko la umeme la Huria. Akram na Anfal waligombania blanketi la rangi ya waridi. Bibi alisema kuskusi ina mabonge. Wahiba alimsikiliza kila mmoja, na kila mmoja aliponyamaza kidogo tu, akamuuliza kitu chochote ili aitike.

Zahia akaja, viatu vya visigino vikiwa na matope mpaka juu, mikono imejaa maandazi. Alimkumbatia mama yake, akalia sana na kwa kweli. Kisha akaona dirisha.

"Dirisha wazi? Kwenye theluji? Mna akili ninyi?" Akaenda kulifunga.

Wahiba alikuwa ameshasimama mbele yake. Hakukumbuka kuinuka.

"Usiliguse, wifi."

"Nini?"

"Halifungwi."

"Mama yangu ametoka kaburini, na wewe unamwekea barafu kichwani! Lakhdar, mkeo huyu. Na yule fundi wenu, nitampeleka polisi kesho, nimeshaongea na shemeji yetu wakili. Atalala ndani. Maskini au si maskini, atalala ndani!"

Lakhdar alikuwa akitazama zulia. Wahiba alimfikiria fundi Tahar, na wanawe na baiskeli yake, akigongewa mlango. Hofu ilimrudia, ileile ya ngazini, lakini safari hii ulimi ulisogea.

"Fundi aliacha tundu wazi," alisema. "Mimi ndiye niliyeliziba. Alhamisi, uliponipigia simu. Nilikata kashabia ya kaka yako nikaliziba kwa mkono wangu huu. Nilitaka usiseme tena mama yuko kwenye friji."

Watoto waliacha kugombana. Zahia alimtazama kaka yake, na kwa uso wa kaka yake akajua ni kweli.

"Wewe?" alisema polepole. "Umetaka kumuua mama yangu, halafu mnamsingizia fundi? Mama, vaa viatu. Unakuja kwangu. Leo hii, sasa hivi. Hulali tena kwenye nyumba hii."

Wahiba hakujitetea. Hakukuwa na la kujitetea. Alimtazama Bibi, akaona mwanamke yule anaweza kuinuka sasa na kuondoka, na kwamba akiondoka Lakhdar hatamtazama tena usoni kwa namna ya zamani, na mtaa wote utajua.

Bibi Aldjia alikuwa akitafuna andazi. Alimaliza kwanza.

"Kaa chini, Zahia, unanizibia mwanga. Aliniambia yeye mwenyewe jana usiku, pale hospitalini, akidhani nimelala. Mtu mjinga kabisa. Kichwani hamna hata punje." Akafuta vidole kwenye blanketi. "Lakini siendi popote. Nikinyamaza kwako, mtasema mama amepumzika, mtapunguza sauti ya televisheni. Huyu nikinyamaza, anavunja vioo."

Zahia alikaa. Aliupakata mkoba wake magotini. Baadaye aliuliza kama kuna kahawa, na Wahiba akaenda kuitafuta kwa Huria.

Alasiri, wifi alipokwisha kuondoka, usingizi uliwachukua wote palepale sebuleni, mmoja mguu juu ya mwenzake. Nyumba ikatulia. Wahiba alivumilia kidogo, akashindwa, akaanza kuwazungukia. Aliweka mkono mbele ya pua ya Akram. Alimgusa Anfal, akasukumwa kwa kiwiko. Lakhdar alifungua jicho moja, akamshika mkono, akauacha ndani ya wake. Mwisho aliinama kwa Bibi.

"Mama."

"Niko hai, mtoto wewe. Niache nilale."

Wahiba akajifunika, akaketi katikati yao na dirisha wazi likimpuliza shingoni, akawasikiliza wote wanne wakipumua. Akaogopa, akashukuru, akaogopa tena.